Kufuli la usukani likigoma: tafuta pini kabla ya kununua swichi

Simama steji ya Kondele, hapa Kisumu, jioni, mwambie fundi yeyote kwamba kufuli la usukani wa pikipiki yako halishiki, na mara nyingi utajibiwa: weka swichi mpya ya kuwashia. Ni jibu rahisi kwa fundi. Swichi hubadilishwa haraka, na kila duka la spea linaiuza. Tabu inakuja baadaye, pale swichi mpya nayo inapogoma vilevile kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye swichi. Pikipiki nyingi zenye malalamiko haya zina kufuli zima. Kinachokosekana ni pini kukutana na tundu lake.

Mtambo wenyewe ni mdogo. Ufunguo unazungusha silinda, silinda inasukuma pini ya chuma, na pini inaingia kwenye tundu lililo mbele yake. Upande mmoja unazunguka pamoja na usukani, upande wa pili umetulia kwenye shingo ya fremu. Pini ikizama, pande hizo mbili zinashikana na usukani hauendi popote. Pikipiki nyingi za boda huku Kisumu zina kufuli hili ndani ya swichi ileile ya kuwashia. Nyingine, hasa zile za Kichina za mtindo wa zamani, zina kufuli linalojitegemea pembeni mwa shingo, lenye mahali pake pa ufunguo na kifuniko kidogo cha kuzuia vumbi. Yote mawili huugua magonjwa yaleyale, ila lile la shingoni hula matope zaidi.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha kwanza kwamba unalifunga inavyotakiwa. Naona wenye pikipiki wakibishana na ufunguo ilhali usukani haujafika mwisho. Zima injini, egesha kwa stendi ya kati mahali tambarare, kisha zungusha usukani kushoto hadi ugote. Ufunguo ukiwa OFF, ukandamize chini, na ukiwa bado umeukandamiza uzungushe kinyume cha saa hadi LOCK. Achia, halafu chomoa. Pikipiki nyingine hufunga kulia pia, lakini kushoto ndiko kawaida. Kufuli la shingoni laweza kutaka mpangilio tofauti: mengine huzungushwa kwanza ndipo yakandamizwe.

Tumia mikono miwili. Wa kulia ushike ufunguo, wa kushoto uchezeshe usukani kidogo tu, mbele na nyuma, karibu na ule mwisho wa kushoto. Tundu la pini mara nyingi halikai pale pale usukani unapogota. Liko nyuma yake kidogo. Anayeukaza usukani kwa nguvu zote akidhani anasaidia ndiye anayeipitisha pini mbele ya tundu.

Halafu angalia ulipoegesha. Kwenye mteremko, tuseme njia za kupanda kilima cha Riat, uzito wa pikipiki hulala kwenye gurudumu la mbele na kuusukuma usukani upande mmoja. Pini inabanwa ubavuni na haisogei. Tairi likiwa limeegemea jiwe au ukingo wa lami, mambo ni hayohayo. Isogeze mahali pa wazi ujaribu tena.

Kama bado inakataa, ndipo uchunguzi unapoanza. Jiulize ufunguo unakataa wapi: haushuki, unashuka lakini haugeuki, au unageuka vizuri na usukani unabaki huru? Kila jibu lina njia yake.

Ufunguo unashuka, lakini haugeuki hadi LOCK

Hii ndiyo dalili inayoonekana sana, na ndiyo inayouza swichi nyingi bila sababu. Pini inajaribu kutoka na inagonga chuma badala ya tundu.

Anza kwa kutafuta kinachouzuia usukani kufika mwisho. Pikipiki ikitoka dukani usukani wake unazunguka bila kizuizi. Baada ya mwaka mmoja wa kazi imejaa vitu: chuma cha mwavuli kilichofungwa kwenye usukani, kishikilia simu, gadi ya mbele iliyochomelewa, nyaya za redio na za king'ora. Pikipiki za mkopo huwa pia na kifaa cha kufuatilia mahali zilipo, na nyaya zake zikifungwa vibaya hukaa palepale shingoni. Chuchumaa mbele ya gurudumu, mtu mwingine azungushe usukani polepole kwenda kushoto, na wewe utazame ni kitu gani kinagusa cha kwanza. Kinachotakiwa kugusa ni chuma kwa chuma: kizuizi cha fremu na kile cha foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), huko chini ya shingo. Kikigusa kitu kingine chochote kabla ya hapo, umempata mwizi wa nafasi yako.

Kebo zinastahili jicho la pekee. Kebo ya klachi, ya mwendo, ya breki ya mbele na ya spidi zote zinapita shingoni. Fundi aliyebadilisha moja na kuipitisha upande usio wake, au aliyeweka iliyo fupi, ameunyima usukani nafasi. Hilo si suala la kufuli peke yake. Washa injini pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gia ikiwa nyutro, halafu zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Injini ikipanda sauti yenyewe unapokata kona, kebo ya mwendo inavutwa, na pikipiki hiyo haifai kubeba mtu mpaka irekebishwe.

Bomba la usukani lililopinda baada ya kuanguka ni kesi nyingine. Kupinda kwake hakuisogezi pini, kwa kuwa bomba limefungwa juu ya kishikio cha foki, kile chuma kinachounganisha miguu yake hapo juu. Lakini mkono wake ukigota kwenye tangi mapema, usukani haufiki kwenye tundu. Utaona rangi ya tangi imechubuka upande wa kushoto peke yake.

Matope nayo yasidharauliwe. Ule udongo mweusi wa Ahero na nyanda za Kano, ukiloa hunata, ukikauka unakuwa kama saruji. Hujaa kwenye nafasi kati ya kizuizi cha fremu na cha foki, na hujaa ndani ya tundu la pini. Chukua bisibisi nyembamba au msumari, ukwangue tundu hadi uone chuma, kisha upige brashi yenye mafuta ya taa. Katika msimu wa mvua za masika hili peke yake hutatua kesi nyingi, na halikugharimu kitu.

Alama ya rangi ya mdomo

Ikiwa hakuna kinachozuia na tundu ni safi, ni wakati wa kujua pini inagonga wapi hasa. Omba rangi ya mdomo nyumbani, ile nyekundu ya bei nafuu. Mafuta ya grisi yaliyochanganywa na masizi pia yanafaa, lakini rangi ya mdomo huonekana vizuri zaidi. Paka kidogo kwenye ncha ya pini. Kama ncha haifikiki kwa kidole, tumia kijiti chembamba. Zungusha usukani kushoto, kandamiza ufunguo, jaribu kufunga, kisha rudisha usukani katikati na umulike kwa tochi ya simu. Utaona doa jekundu kwenye chuma, karibu na tundu. Doa hilo linaeleza mengi kuliko maneno ya fundi.

Doa likiwa kabla ya tundu, usukani haujafika: rudi ukatafute kizuizi. Hapa mshuku pia fundi wa kuchomelea. Pikipiki ikianguka na kizuizi cha fremu kikaliwa, wengine hukijaza kwa kuchomelea, na kikiwa kinene kuliko kilivyokuwa, usukani hugota mapema. Dawa ni tupa: punguza chuma kidogo kidogo, ukijaribu kila baada ya kupiga.

Doa likiwa limepita tundu, usukani unazunguka kupita kiasi. Kizuizi kimepinda au kimeliwa. Ishara nyingine ni tangi lenye kidonda mahali mguu wa foki unapogonga. Ukiurudisha usukani nyuma kidogo na pini ikazama, unaweza kuendelea kuutumia hivyo, lakini usiliache kwa muda mrefu. Kizuizi hicho ndicho kinacholinda tangi lako na vidole vyako.

Doa likiwa juu au chini ya tundu, hapo kuna jambo zito. Shingo imelegea. Gololi za shingo zikichakaa au nati yake kubwa ikilegea, foki nzima hupanda na kushuka ndani ya fremu. Uzito ukiwa kwenye gurudumu, kishikio cha foki chenye kufuli kinasukumwa juu, na pini inapoteza tundu. Jipime hivi: weka kreti ya soda chini ya injini ili gurudumu la mbele lielee hewani, kisha jaribu kufunga. Likishika gurudumu likiwa juu na kukataa likiwa chini, usinunue swichi. Shika miguu ya foki kwa chini, ivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano shingoni, umethibitisha.

Kukaza nati ya shingo si kazi ya patasi na nyundo, japo ndivyo wengi wanavyofanya. Kuna spana yake yenye ndoano. Inakazwa hadi mchezo uishe, lakini usukani ubaki ukianguka wenyewe kushoto na kulia gurudumu likiwa hewani. Ukikaza kupita hapo, pikipiki inayumba kwa mwendo mdogo na kukataa kunyooka. Na kama usukani unajikwaa katikati, kama vile kuna shimo unapokuwa umenyooka, gololi na vikombe vyake vimekwisha. Kukaza hakutasaidia; badilisha vyote pamoja. Barabara za changarawe zenye matuta madogo madogo, zile za ndani kuelekea Muhoroni kwenye mashamba ya miwa, ndizo zinazomaliza shingo upesi.

Halafu kuna doa linalobadilika mahali kila ukijaribu. Hilo mara nyingi ni kufuli lenyewe linalocheza kwenye kiti chake. Shika swichi kwa vidole uitikise. Ikisogea, boliti zimelegea, au masikio yake yamepasuka. Boliti hizo huwa chini ya kishikio na nyingine zina vichwa vilivyokatwa makusudi ili mwizi asizifungue, kwa hiyo huenda ukalazimika kuondoa taa ya mbele ili uzifikie.

Ufunguo haushuki kabisa

Hapa tunarudi ndani ya silinda, na swali la kwanza ni kuhusu ufunguo.

"Fundi, hii kufuli imekufa."

"Haijakufa, omera. Leta ule ufunguo wa kwanza, uliokuja na pikipiki."

Mara nyingi ufunguo unaotumika kila siku ni nakala ya nakala. Kila nakala inabeba makosa ya ile iliyotangulia, na meno yake yanalainika kwa kukaa mfukoni na sarafu. Ufunguo kama huo unaweza kuwasha pikipiki bila shida na bado ukashindwa kufika LOCK, kwa sababu huko silinda inatakiwa kushuka na kugeuka kwa wakati mmoja, na meno yasiyokaa sawa hukwama. Ulinganishe na ule wa akiba ukiwa kwenye mwanga. Kama wa akiba unafunga, chonga nakala mpya kutoka kwa huo, na uliochakaa uutupe kabla haujavunjikia ndani.

Kama hata ule wa kwanza unagoma, ni uchafu au kutu. Kuna mtindo huku kwetu wa pikipiki kulala sebuleni, jirani na kochi. Ni salama dhidi ya wezi, lakini matokeo yake ni kwamba kufuli la usukani halitumiki miezi na miezi, na siku unapolihitaji kule Kibuye sokoni limeshagandamana. Kufuli linalofungwa kila siku hudumu zaidi ya lile linalotunzwa. Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha nao huielekeza mipira ya maji moja kwa moja kwenye tundu la ufunguo, kisha wanashangaa kutu imetoka wapi.

Usafishaji wake unataka subira. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya tairi. Pulizia WD-40 (ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu) kidogo, ingiza ufunguo, utoe, uufute kwa kitambaa. Utatoka mweusi. Rudia mpaka utoke msafi. Acha pakauke, kisha malizia kwa kilainishi kikavu cha kufuli.

Tafadhali usimimine mafuta ya injini humo, na ya kupikia hata usiyafikirie. Mafuta hunasa vumbi, vumbi la changarawe likichanganyika na mafuta linakuwa msasa wa majimaji, na ndani ya msimu mmoja umerudi palepale. Unga wa risasi ya penseli ni mzuri, wengi wanaujua, lakini utumie kwa kufuli la shingoni tu. Risasi hiyo hupitisha umeme. Katika swichi ya kuwashia, unga ukishuka hadi kwenye bamba la mguso lililo chini utakuletea hitilafu nyingine usiyoitarajia.

Springi iliyo chini ya silinda nayo huchoka au kuvunjika. Ufunguo ukishuka na usipande tena ukiuachia, ndiyo hiyo.

Unageuka hadi LOCK, usukani unabaki huru

Mkono unasikia kila kitu kiko sawa, ufunguo unatoka, lakini ukisukuma usukani unazunguka. Pini imekatika, au ule ulimi wa nyuma ya silinda unaoisukuma umevunjika. Mulika kwenye pengo kati ya kishikio na shingo huku mwenzako akigeuza ufunguo. Ukiona pini inatoka lakini ni fupi na ncha yake imechanika, kuna aliyelazimisha usukani. Huenda ni mwizi aliyeshindwa. Huenda pia ni mwenye pikipiki mwenyewe asubuhi yenye haraka, aliyesahau kwamba amefunga. Usipoona pini ikisogea hata kidogo, ulimi ndio uliokwenda.

Huku hakuna ukarabati wa maana. Wapo mafundi wanaochomelea kipande cha msumari kwenye ncha ya pini. Mimi siungi mkono. Kipande kikikatikia njiani kinaweza kudondoka katikati ya shingo na kizuizi chake.

Pini iliyotoka nusu

Hii siiachii nafasi ya utani. Kufuli ambalo halifungi vizuri linaweza pia kushindwa kufunguka vizuri. Ufunguo uko ON, injini inanguruma, ila pini haijarudi yote. Utaendesha umenyooka bila kuhisi chochote mpaka ukate kona ya kwanza kushoto, na hapo usukani unaweza kunaswa. Kwa hiyo, kama kufuli lako limeanza kusumbua, kila asubuhi kabla ya kupanda zungusha usukani mwisho hadi mwisho, pande zote mbili. Ukisikia kukwaruza au kugonga mahali ambapo hapakuwa na kitu, usiondoke. Ni heri uvue kufuli na kuiondoa pini kabisa, uendeshe bila kufuli kwa muda na kutegemea mnyororo, kuliko kupanda na pini isiyojulikana iko wapi.

Kama limefunga na sasa ufunguo haugeuki kurudi OFF, usikate tamaa wala usitumie koleo. Pini imebanwa ubavuni. Sukuma usukani zaidi kuelekea kushoto kana kwamba unataka kuukaza, ushikilie hapo, kisha geuza ufunguo taratibu. Ukikataa, upunguzie usukani nguvu na ujaribu tena. Ufunguo uliokatikia ndani utakugharimu kuliko kuchelewa kazini.

Ukifika kwenye kununua

Vua ile ya zamani kwanza na uende nayo dukani. Tenganisha waya hasi wa betri kabla ya kufungua chochote, na upige picha plagi ya nyaya ili rangi zisikuchanganye. Dukani ziweke swichi mbili bega kwa bega: urefu wa pini, pembe inayotokea, nafasi ya matundu ya boliti, idadi ya nyaya. Swichi inayowasha pikipiki yako si lazima iwe na pini inayofika tundu lako, na mwenye duka hatakuambia. Zungusha ufunguo hadi LOCK palepale kaunta uitazame pini ikitoka na kurudi. Ukipata seti yenye kifuniko cha tangi, chukua seti, la sivyo utakuwa ukibeba funguo mbili za pikipiki moja.

Na kama unanunua pikipiki iliyotumika, iwe Kakamega, Bungoma au Nakuru, jaribu kufuli la usukani kabla ya kuulizia bei. Pini iliyokatika, ufunguo wa tangi usioafikiana na wa swichi, na alama za bisibisi pembeni mwa tundu la ufunguo, vyote vinaweza kuwa na maelezo ya kawaida. Mwuzaji akishindwa kuyatoa, linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye logbook (hati ya umiliki), thibitisha umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na pesa zibaki mfukoni hadi majibu yaje.